Vidole Vitano

Nishani ililetwa na posta, ndani ya kijisanduku cha karatasi ngumu,
miaka thelathini baada ya baruti kunyamaza.
Baba alikuwa zizini, mkono mzima ndani ya ng'ombe
aliyeshindwa kuzaa.
Mama akasimama mlangoni, theluji ikimyeyukia mabegani:
"Orrin, serikali imekukumbuka."
"Iambie ingoje," akasema,
"huyu ndama katanguliza matako."

Barua ilikuwa fupi, muhuri wake mkubwa.
Kwa ushujaa. Aliitwaa bendera ya adui.
Kanisani waliisoma mara mbili,
na wanaume wa Vermont, wasiovua kofia hata kwa jua,
wakazishika mikononi kama mabakuli.

Basi tukawa watu wa shujaa.
Kila mwezi wa tano alivaa koti la buluu
lililokwisha kukataa kufungwa tumboni,
akaandamana nyuma ya matarumbeta,
nishani ikigonga kifungo: ti, ti, ti.
Watoto walimkimbilia. "Ulimuua? Ulimuua?"
"Mvua ilikuwa inanyesha," aliwajibu.
Miaka yote, jibu ni hilo.

Siku nyingine nishani ilikaa kwenye kopo la misumari.
Mama akitaka kuing'arisha, yeye husema,
"Iache iote ukijani. Kila kitu hapa kinaota."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa
usiku tulipokesha tukichemsha utomvu mtamu wa miti,
mvuke umejaa kibandani, uso wake siuoni.
Sikumuuliza. Alianza tu,
kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana:

"Lilikuwa shamba la shayiri, la mtu, tayari kuvunwa.
Tulilikanyaga kwenda, tukalikanyaga kurudi.
Yule mvulana alikuwa ameketi, kaegemea ua,
mlingoti katikati ya magoti,
kama anayengoja gari moshi.
Nikamwambia, Nipe. Hakunipa.
Nikamwambia tena, kwa adabu.
Ndipo nikaona kwamba hayupo.
Nilimfungua vidole, kimoja kimoja.
Kile kidogo kilirudi kujikunja.
Nikakifungua tena.
Lovina, nilichofanya ni hicho.
Hakuna aliyenilenga. Hata mbio sikupiga."

Akaongeza kuni.

Ndipo nilipokielewa kijiko.
Utotoni, mama husema, nilikuwa nikilala mezani
nimekikamata kijiko cha mti, uji unachuruzika,
na baba hakuruhusu mtu kunipokonya.
Alinibeba nacho hadi kitandani.
Mama alifua mashuka akinung'unika,
akidhani ameolewa na mwanamume mzembe.
Kaka yangu Alden alilala na chura aliyekufa;
baba akaketi kando yake gizani
mpaka mkono ulipofunguka wenyewe.

Wakati mwingine namfikiria mama mwingine, huko Karolina,
aliyeandikiwa kwamba mwanawe
hakuiachia bendera hadi mwisho.
Naye hakudanganywa.

Baba alifariki Februari, ardhi ngumu kama nondo.
Walikuja wenzake watatu waliosalia,
mmoja na fimbo, mmoja haoni,
wakataka nishani iwekwe mkononi mwake.
Lakini mkono ulikuwa umefumba, umekamata pindo la blanketi.
Bwana Pettingill, mwoshaji wa maiti, akakunja mikono ya shati.
"Usimguse," nikasema.
"Bibi, vidole vitalegea nikivi..."
"Kata blanketi."

Kwa mwoga huenda kicheko, wanasema,
kwa shujaa huenda kilio.
Kwetu hakikusikika hiki wala kile.
Mama alileta mwenyewe mkasi wa kunyolea kondoo,
tukausikiliza ukiitafuna sufu.

Nishani imerudi kwenye misumari.
Blanketi bado tunajifunika.
Lina pengo pembeni,
upana wake ngumi moja.